Korongo Lisilo na Njia: Shajara ya Kiangazi, Kigoma

Jumamosi, 31 Mei 2025

Mvua imekata. Hii ni wiki ya pili bila hata manyunyu, na jana jioni mtendaji wa kijiji alinipigia simu: wazee wameridhia, kamati ya maliasili imeridhia, tuje. Nilikuwa nakisubiri kibali hiki tangu Februari.

Kazi yenyewe ni hii. Kaskazini mwa mji wa Kigoma, nje ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kuna korongo linaloteremka kutoka mgongo wa milima hadi Ziwa Tanganyika. Wazee wametuomba jina lake lisiandikwe popote, maana juu kabisa pana mahali pao pa matambiko, na ombi hilo tutaliheshimu. Kwa miguu hapapitiki. Kuta zimebanana, magenge yanakatiza kijito kila baada ya mwendo mfupi, na mimea imefunga juu kama paa. Ukiwa ndani ya boti unaona mstari wa kijani kibichi tu unaopanda mlimani, hata mwezi Septemba, wakati milima yote imekauka na kuwa rangi ya udongo.

Kijani hicho cha Septemba ndicho kilichotuleta. Kijiji cha chini kinachota maji ziwani. Mwaka 2015 kipindupindu kiliibuka Kagunga, karibu na mpaka, wakati wakimbizi kutoka Burundi walipojazana ufukweni, na mama katibu wa kamati ya maji bado anausimulia mwaka huo kwa sauti ya chini. Kamati inataka mradi wa maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe kwa bomba bila pampu. Inaamini ndani ya korongo kuna chemchemi isiyokauka, ila hakuna aliye hai aliyewahi kuiona. Sisi tutashuka kwa kamba kutoka juu hadi chini, tuitafute na tuipime.

Tuko wanne. Mimi na dada ninayefanya naye kazi ya minara ya simu tumezoea kuning'inia, lakini mnara hauna matope wala nyuki. Kwa hiyo tumemwomba mzee mrina asali wa kijiji awe nasi. Wa nne ni kijana wa boti, atakayetuchukua ufukweni na kuturudisha Kibirizi.

Jumamosi, 14 Juni

Safari ya kwanza, kuangalia tu. Vifaa: kamba kuu ya mita 60, unene wa milimita 10, aina isiyovutika, kamba nyembamba ya kuvutia, mita 40, mikanda ya kiunoni mitatu, kofia ngumu, karabina (kulabu za chuma) za kufunga kwa nati, vifaa vya kushukia vya umbo la namba nane, vitanzi vya fundo la prusiki, linalobana kamba likipata uzito, na pete za chuma za kuacha kwenye nanga, yaani mahali kamba inapofungiwa. Mzee alikuja na panga, kibiriti, na kamba yake ya magome ya miombo aliyoisokota mwenyewe. Nilimwonyesha ya kwetu. Akaibonyeza kwa vidole, akainusa, akasema, "Hii nzuri, mwanangu. Lakini mti utakaoifunga umeuangalia?"

Siku nzima ikaishia kwenye swali hilo. Tumeamua kutotoboa mwamba hata mahali pamoja, kwa hiyo nanga zetu zote ni miti. Mimi ningechagua mti kwa unene. Mzee anaanza chini: anafukua majani yaliyooza kwenye shina aone kama mizizi imeingia kwenye nyufa za mwamba au imelala tu juu ya udongo. Kisha anagonga shina kwa mgongo wa panga, anasikiliza kama ndani kuna uwazi. Kisha anatafuta udongo wa mchwa kwenye gome. Kisha anasimama kimya, dakika mbili tatu, aone kama kuna nyuki wanaoingia na kutoka. Mti niliouchagua mimi, mnene kuliko kiuno changu, aliukataa. Akachagua mkuyu wa unene wa paja uliokuwa umekumbatia jiwe kwa mizizi kama vidole vya mtu aliyeshika bakuli. Tuliutikisa wote watatu. Haukusogea.

Jumamosi, 28 Juni

Tumeshuka genge la kwanza, mita 8, na la pili, mita 14.

Kwenye mnara unaona chini. Kwenye ukuta safi unatupa kamba, unaiona ikifika, unashuka. Hapa ukitupa kamba inakaa juu ya matawi mita tatu chini yako kama nguo iliyoanikwa, na ukishuka kuifungua unakuta imejisokota kwenye mitambaa. Tulijaribu mara mbili. Mara ya tatu dada akaweka kamba yote ndani ya mfuko, akaufunga kiunoni, akawa anaitoa kidogo kidogo huku anashuka. Kuanzia leo hakuna kutupa kamba ndani ya korongo hili. Fundo la mwisho linafungwa kabla kamba haijaingia mfukoni, ili mtu asije akatelezea nje ya ncha.

Sheria nyingine tumeiweka leo: panga halikaribii kamba. Kamba iliyobeba mtu imekazwa kama uzi wa zeze, ikiguswa na makali kidogo tu inakatika. Anayeshuka anabeba msumeno mdogo wa kukunja, umefungwa kwa uzi mkononi, na anakata tawi lililo chini ya miguu yake tu, asikate chochote kilicho usawa wa kamba.

Pia si kila mtambaa unakatwa. Nilikuwa nimeinua mkono kukata mmoja mnene, mzee akanishika kifundo. Akafuata mtambaa ule kwa kidole hadi nyuma ya majani, akanionyesha mawe matatu makubwa kama debe yaliyokuwa yameegemea juu yake. "Huu ndio ukuta," akasema. Dada alikuwa chini yetu, kwenye njia ya mawe yale. Nimelala nikiyaona.

Jumamosi, 12 Julai

Genge la tatu, mita 22. Upupu.

Maganda yake yamekauka sasa, na manyoya yake yanapeperuka ukigusa tu mmea. Yaliniingia shingoni nikiwa katikati ya kamba, na mtu aliye kwenye kamba hana mkono wa kujikunia: mmoja umeshika breki, mwingine unajizuia ukutani. Nilifika chini machozi yananitoka. Mzee akanikataza kujikuna na kujimwagia maji, akawasha moto mdogo juu ya jiwe, akanipaka majivu, akayapangusa kuelekea upande mmoja. Nilitulia baada ya nusu saa. Safari ijayo ni kola ndefu, glovu na kitambaa shingoni, joto liwe vyovyote.

Shida kubwa ilikuja baadaye. Wote tulikuwa chini tukaanza kuvuta kamba ili tuendelee. Ikaja mita tisa hivi, ikagoma. Tukavuta wawili, ikagoma. Ncha ya upande wa pili ilikuwa imepiga mjeledi ikajizungusha kwenye mtambaa huko juu, mahali tusipopaona.

Nataka hili niliandike wazi kwa yeyote atakayefanya kazi kama hii: kamba iliyokwama haipandwi. Hujui imeshikwa na nini. Inaweza kuwa tawi bichi lenye unene wa mkono, inaweza kuwa kijiti kikavu kinachosubiri uzito wako. Tuliketi, tukala mihogo ya kuchemsha na dagaa, tukafikiri. Dada akapanda ukingo wa upande wa pili hadi akapata pembe tofauti, akaipiga kamba mawimbi makubwa kutokea pale. Katika mara ya kumi au zaidi ikafunguka ikaanguka yote. Saa moja na nusu ilipotea.

Mabadiliko mawili kutokana na hilo. Wa kwanza kufika chini anajaribu kuvuta kamba mita moja kabla wa mwisho hajaondoka juu. Ikiwa nzito, aliye juu anahamisha nanga au fundo. Na wa mwisho anashuka akiangalia njia ya kamba, si njia ya miguu yake.

Tumeandika pia milango ya kutokea. Baada ya genge la pili na la nne mtu anaweza kupanda upande wa kushoto akafika kwenye mashamba. Genge la nne lenyewe ni mita 6 tu, halina maneno. Baada ya la tano hatujui. Kijito ni kikavu hadi sasa, mawe yana unyevu tu.

Jumamosi, 26 Julai

Tuliingia kwa mlango wa kushoto, moja kwa moja hadi juu ya genge la tano.

Kutoka ukingoni nilishusha jiwe lililofungwa kwenye uzi wenye alama za kila mita. Likagota mita 19. Nililiinua na kulishusha mara tatu, mahali patatu, jibu lilelile: 19, 19, 18. Tukakunja kamba ya mita 60 katikati kupitia pete, mita 30 kila upande. Kwa hesabu ile tulikuwa na akiba ya mita 11.

Dada akashuka. Filimbi zetu: moja ni simama, mbili ni legeza, tatu ni nimetoka kwenye kamba. Nilisubiri tatu. Ikaja moja. Kimya. Moja tena.

Alivyotueleza baadaye ni hivi. Alifika mita 19, akakanyaga, akahisi ardhi laini iliyojaa majani yaliyooza na viotea vya mkindu. Alikuwa anataka kujifungua. Akapiga mguu chini, na ile ardhi ikacheza. Akachomeka msumeno kati ya miguu yake, ukazama hadi mpini bila kugusa kitu. Akatoboa tundu, akatazama, akaona mwanga chini kabisa, na akasikia maji.

Haikuwa ardhi. Ilikuwa mitambaa iliyosukana kutoka jiwe hadi jiwe, ikakamata majani ya miaka mingi mpaka ikaotesha miche juu yake, na chini yake kulikuwa na uwazi. Uzi wangu ulikuwa umepima kina cha zulia. Alipenya pembeni, akashuka tena, akaona mafundo ya ncha za kamba yakitoka mfukoni na mwamba wa chini bado uko mita moja hivi chini ya miguu yake. Mita moja inaonekana ndogo, lakini chini palikuwa na mawe yenye utelezi. Alifanya sawasawa: akafunga kifaa chake, akafunga vitanzi viwili vya prusiki, akapanda mita 30 zote kwa mikono na miguu. Ilimchukua dakika arobaini. Alipotokeza uso ukingoni, mzee alimvuta kwa mkanda, akamfuta matope usoni kwa kanzu yake ya kazi, akasema "pole mwanangu, pole," zaidi ya mara nne.

Dada alikuwa anacheka na kuhema. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Maji yapo."

Kosa lilikuwa langu. Nilipima mimea nikaandika mwamba. Kuanzia sasa hakuna kipimo cha uzi kinachoaminiwa ndani ya korongo lenye paa, na anayeshuka wa kwanza anapewa urefu wote wa kamba tulio nao, si hesabu.

Ijumaa hadi Jumapili, 8 hadi 10 Agosti

Nane Nane imetupa siku tatu. Ijumaa tulilala juu ya genge la tano, chini ya turubai. Usiku mbega walipiga kelele, siafu wakapita, tukahama mara moja.

Alfajiri nilitembea na tochi kwenye kingo. Kwenye matawi ya mti mmoja, juu kuliko nilivyoweza kufikia kwa fimbo ya kutembelea, palikuwa na kiota cha matete makavu, vipande vya mabua na kandambili ya mtoto. Nilidhani ni kazi ya nyani. Mzee akasema ni Machi: maji yalipita pale. Mahali tuliposimama, mafuriko yalikuwa yametupita vichwa vyote. Ndiyo maana kazi hii ni ya Juni hadi Septemba tu, na ndiyo maana hata kiangazi nililitazama anga la upande wa milimani kabla ya kufunga fundo la kwanza.

Jumamosi saa 3 asubuhi tulianza. Safari hii upande mmoja tu wa kamba ulibeba mtu: tulifunga fundo kizuizi, lisiloweza kupita kwenye pete, nyuma ya pete, mita 60 zote zikawa zetu, na ile kamba nyembamba ikawa ya kuvutia. Dada kwanza, mimi, mzee mwisho. Mzee alikuwa hajawahi kushuka kwenye kamba yetu mahali parefu namna hii. Kabla ya kuondoka ukingoni aligusa kwa kiganja mkuyu tuliofungia kamba, akasema maneno kwa Kiha ambayo sikuuliza maana yake. Kisha akashuka taratibu, mgongo umenyooka, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake.

Mita 31 kamili.

Tulipovuta kamba, tulijua. Juu hakurudiki, na mbele hatukujua kama kuna mlango. Ikaja vizuri, ikaangukia miguuni petu ikiwa imelowa. Hatukuongea kwa muda.

Chini ya zulia lile kuna chumba. Sina neno lingine. Kuta zimepinda, mwanga unapita kwenye majani ukawa wa kijani, hewa ni ya baridi kama ya asubuhi ya Julai kule Kasulu. Na kwenye kona ya ukuta wa kulia, kwenye ufa wa urefu wa mkono mmoja, maji yanatoka. Hayadondoki, yanatoka, kwa sauti, yakiwa safi kiasi kwamba sikuona kina cha kidimbwi mpaka nilipozamisha mkono nikafika kwenye kiwiko.

Tulizungusha udongo wa mfinyanzi, tukaweka kipande cha bomba tulichobeba, tukaelekeza maji yote tuliyoweza kwenye ndoo ya lita 20. Sekunde 14. Tukarudia mara tano: 14, 14, 15, 14, 14. Hiyo ni zaidi kidogo ya lita 1.4 kwa sekunde, karibu lita 123,000 kwa siku. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilihesabu lita 25 kwa mtu kwa siku.

Genge la sita ni mita 12, jepesi. Chini yake tukapata jibu la kwa nini kijiji hakikujua: kijito kinaingia chini ya mawe makubwa na kupotea kabisa, kinatokea karibu na ufukwe kama unyevunyevu kwenye mchanga. Watu wamekuwa wakiukanyaga wakienda kuchota maji ya ziwani. Kutoka chini, genge la sita linafunga njia.

Saa 10 jioni tulitokea ufukweni. Kijana wa boti alikuwa amekaanga migebuka. Jumapili tulilala tu.

Alhamisi, 21 Agosti

Mkutano wa kamati. Niliwaeleza kwamba sekunde 14 za Agosti si jibu. Kipimo kinachohesabika ni cha mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua. Pia kwa simu chemchemi inasoma mita 940 hivi kutoka usawa wa bahari na ziwa liko mita 773 hivi. Mteremko ni mkubwa, kila mita 10 za maji zinaongeza presha ya ba moja hivi (ba ni kipimo cha presha), kwa hiyo bomba litahitaji matangi ya kupunguza presha njiani. Na maji yote yasichukuliwe, kwa sababu chumba kile na mkuyu wake vinaishi kwa maji hayo.

Mama katibu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye hawezi kuandika kwenye kitabu cha kamati namba aliyoambiwa na wageni. Anataka kuiona ndoo ikijaa.

Nilimwambia ni mita 31. Akasema amezaa watoto sita.

Jumamosi, 13 Septemba

Mazoezi ya tatu kwenye mwembe nyuma ya ofisi ya kijiji. Anashika breki vizuri, haachii mkono hata nikimshtua. Watoto wanakuja kutazama.

Jumamosi, 27 Septemba

Tuliingia kwa mlango wa kushoto saa 2. Dada alitangulia kushuka, akaishika kamba kutokea chini: akiivuta, anayeshuka anasimama pale pale, hata akiachia mikono yote miwili. Mzee na mimi tulibaki juu na mama katibu.

Alikuwa amevaa suruali ya mwanawe na khanga kiunoni juu ya mkanda. Ukingoni alitetemeka magoti. Hakuficha. "Shikilia, mwanangu," aliniambia, nikamwambia, "Nimeshika, mama." Mzee akamwambia asitazame chini, atazame gome la mkuyu mpaka limpotee. Alilitazama. Likampotea. Baada ya hapo tulisikia sauti yake tu ikisali, ikienda ikififia chini ya majani, kisha muda mrefu, kisha filimbi tatu.

Nilipofika chini nilimkuta amepiga magoti kwenye kidimbwi, amechota kwa viganja, hajanywa, anayatazama tu.

Ufa umepungua, unaonekana kwa macho. Udongo, bomba, ndoo. Mama katibu alikataa saa yangu, akatumia simu yake. Maji yakapanda polepole ndani ya ndoo ya njano, yakafika mstari, yakamwagika. Sekunde 22. Akamwaga, akasema rudia. 22. Rudia. 23. Mara ya nne 22.

Nilimpigia hesabu: lita 78,500 kwa siku, mwishoni mwa kiangazi. Akatoa kitabu cha kamati ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara tatu, akaandika tarehe, akaandika sekunde zote nne moja moja, pamoja na ile ya 23, akasaini. Kisha akampa mzee kalamu, na mzee akaweka alama yake chini ya jina lake.

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Tulivuta kamba, ikaja bila kukwama, tukaelekea genge la sita.